Hatua Tatu Zilizopotea Birikani

Sura ya Saba

Mzee Ratilal alifuta vumbi la albamu kwa mkono wa shati, akaiweka juu ya kaunta katikati ya misumari na makopo ya rangi, kisha akaisogeza taratibu mbele ya Sajini Mhina.

"Ukiichana, Sajini, nitakuja kukushtaki kwako mwenyewe," alisema.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Korogwe mjini, Alhamisi moja ya Machi mwaka sabini na tano. Basi la Handeni lilikuwa linaondoka saa mbili. Sajini Mhina wa upelelezi alikuwa na nusu saa ya kutazama picha, na baada ya hapo alikuwa na mpaka saa tisa alasiri kumwokoa mwanamke mmoja asiende rumande, kama kweli alistahili kuokolewa. Hilo la mwisho alikuwa bado hajalijua, na hakuwa mtu wa kujidanganya.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kiasi cha kuudhi. Katika Kijiji cha Ujamaa cha Kwabirika, kando ya barabara ya Handeni, mbegu za mahindi za shamba la kijiji ziliwekwa katika ghala lenye mlango mmoja, kufuli moja na ufunguo mmoja. Jumatatu jioni kulikuwa na magunia kumi na mawili. Jumanne asubuhi yalikuwa matatu. Kufuli halikuguswa. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga ya mtunza ghala, Mwanaidi, na mwenyewe alikiri kwamba haukubanduka hapo usiku kucha. Koplo Dominiko, aliyefika kwanza, alimweka chini ya ulinzi papo hapo. Alasiri hiyo ya Alhamisi alikuwa ampeleke Korogwe kwa basi, maana Landrova ya kituo ilikuwa juu ya mawe tangu Krismasi ikisubiri springi.

Kitu pekee kisicho cha kawaida katika kesi hiyo kilikuwa ghala. Ghala lilikuwa birika.

Halikuwa jina la utani. Lilikuwa birika la saruji, lenye kimo cha watu wanne, lenye mfuniko, kishikio na mdomo. Lilijengwa mwaka hamsini na nne na Mmarekani aliyekuja kutengeneza mashine za mkonge, ambaye watu walimwita Bwana Hobati kwa sababu jina lake kamili lilitaka ulimi wa kuazima. Hobati aliwauzia chai humo madereva wa malori mpaka mwaka wa Uhuru, kisha akafunga mlango akarudi kwao. Albamu yake alimwachia Ratilal, aliyekuwa akimuuzia saruji.

"Kwao ndiko wanakojenga hivi," alisema Ratilal. "Barabara ndefu, gari linakwenda mbio, dereva hana muda wa kusoma kibao. Kwa hiyo ukiuza viatu, unajenga kiatu."

Kiatu kilikuwepo, cha ghorofa tatu, na madirishani kilikuwa na mapazia. Ukurasa wa pili ulikuwa na chupa ya maziwa yenye mlango na kizingiti. Kisha bata wa zege, mweupe, mkubwa kuliko lori, aliyekuwa akiuza mayai. Kisha tembo wa mbao mwenye ngazi ndani ya mguu. Mhina alizaliwa Kwaluguru katika nyumba ya msonge, nyumba isiyojifanya kitu kingine chochote, na alizitazama picha zote hizo bila kucheka, jambo lililomsikitisha kidogo Ratilal.

"Huyu bata, watu wanaingilia wapi?"

"Kifuani."

"Na mpishi anapikia wapi?"

"Tumbo la bata mimi nitalijulia wapi, Sajini?"

Mhina akaendelea kufunua. Aligundua kwamba Hobati alikuwa na tabia moja nzuri: kila jengo alilipiga picha mbele, kisha akazunguka akalipiga nyuma, kama mtu aliyetaka kujua lilivyojengwa. Mbele ya picha ya duka lenye umbo la buli la kahawa alisimama muda mrefu. Kwa mbele, moshi ulikuwa ukitoka mdomoni mwa buli. Kwa nyuma, chini kabisa kishikio kinapokutana na ukuta, palikuwa na kijimlango wazi, na mtu alikuwa akitokea humo ameinama na ndoo ya majivu.

Manjula, mkewe Ratilal, alikuja na vikombe vya chai. Alichungulia picha.

"Hata la kwetu lilikuwa linatoa moshi," alisema.

"Lilitoa wapi, mama?"

"Mdomoni. Tulipokuwa tunakwenda Handeni kwa dada yangu, tukiuona moshi tokea kule konani, dereva anasema chai tayari. Asipouona, anapita."

"Na jiko lilikuwa upande gani?"

Manjula alifikiri. "Jiko sikuliona hata siku moja. Unakaa, Hobati anafungua kidirisha ukutani, chai inatoka. Mara nyingine mtu anakohoa."

"Mtu gani?"

"Wa ukutani. Ndani ya ukuta mtu anakohoa. Mwanangu Kanchan alikuwa kila tukifika pale analia."

Mhina aliomba picha ile moja, akaitia ndani ya daftari, akanywa chai iliyobaki kwa funda moja na kuunguza ulimi. Kituoni dereva Habakuki, aliyekuwa na njia hiyo tangu enzi za malori ya mkonge, alikuwa ameshawasha injini.

"Saa tisa napita kuwachukua," alisema Habakuki. "Viti vitatu vya nyuma nimewawekea. Chako, cha koplo, na cha yule mama."

"Viti vitatu ni sawa," alijibu Mhina. "Cha tatu cha nani, utaniuliza saa tisa."

*

Saa nne Mwenyekiti Sadala alimpokea barabarani. Alikuwa mzee mpole mwenye baraghashia iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake, na kwa siku tatu alikuwa hajalala vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sajini. Karibu kwenye aibu yetu. Mvua zimeshapiga hodi, ekari thelathini zimelimwa, na mbegu hatuna. Mwaka jana tumekula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, unajua mwenyewe. Mwaka huu tusipopanda tutakula nini?"

Koplo Dominiko alikuja amenyooka, ameridhika.

"Afande, kesi imekamilika. Mvua ilinyesha Jumapili, udongo ulikuwa laini mpaka Jumanne. Mbele ya mlango nilikuta nyayo za kandambili zake yeye tu. Hapakuwa na nyingine, wala tairi, wala punda."

"Zilizama kiasi gani?"

"Afande?"

"Kandambili zake, Koplo. Zilizama?"

Dominiko alionyesha nusu ya ukucha.

"Gunia la mbegu lina kilo hamsini. Mama huyu atoke nalo kichwani mara tisa, na udongo laini usijue?"

"Labda alisaidiwa, afande."

"Na msaidizi alikuwa anaruka hewani?" Mhina hakusema kwa ukali. "Jambo jingine. Ukiwa mwizi, umeshafungua ghala, lori linakusubiri. Utabeba tisa uache matatu?"

Koplo aliutazama tena ukucha wake. Hakuwa mjinga, ila alikuwa na haraka, na haraka huwa inampendeza mkubwa yeyote ambaye hakuja mwenyewe kuona.

Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji, mikono mapajani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mjane, mwenye watoto watatu na uso wa mtu aliyekwisha kulia vyote alivyokuwa navyo. Kijiji kilipomchagua mtunza ghala, mwanamke wa kwanza kushika ufunguo wowote Kwabirika, wanaume wawili watatu walicheka. Tangu Jumanne walikuwa wamerudia kucheka.

"Dada Mwanaidi, nitakuuliza maneno machache. Ufunguo ulimpa mtu?"

"Sikumpa mtu."

"Ulilala nao?"

"Nililala nao. Kama nilivyomwambia koplo. Ningetaka kusema uongo ili nipone, ningesema niliupoteza. Sikuupoteza."

Mhina alilipenda jibu hilo, maana lilikuwa linamwumiza aliyelitoa. Mwizi angekuwa amejitafutia upenyo tangu siku ya kwanza.

"Tangu Jumanne kuna kitu kimebadilika ghalani?"

"Birika linafuka."

"Linafuka vipi?"

"Moshi mwembamba, mdomoni, mchana mchana. Watu wanasema mzimu wa Mmarekani umekasirika kwa kuwa tumemwekea mahindi. Mimi sina la kusema, mimi mwizi. Lakini kuni za mkole nazijua harufu yake, na mzimu wa Marekani sijui atazipatia wapi kuni za mkole."

Mhina alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akalamba ncha ya penseli.

"Nieleze hizo mbegu zenyewe. Zikoje?"

"Nyekundu. Zimetiwa dawa kiwandani. Bwana shamba alipozileta alizimimina kiganjani akatuonyesha. Akatukataza kuzila, akatukataza kuwapa kuku, akatukataza kuzipandisha darini juu ya moshi kama tunavyoweka mbegu zetu za nyumbani. Alisema dawa inatosha, moshi hauna kazi."

"Alisema mbele ya nani?"

"Mbele ya kijiji kizima. Mwenyekiti aliita majina. Waliokosa ni wawili tu. Zuena, aliyekuwa amejifungua juzi yake, na Katibu, aliyekuwa Handeni kwenye semina ya Chama."

Mhina aliandika polepole, neno kwa neno, akapigia mstari. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa la lazima.

"Unaogopa nini zaidi?"

"Basi," alisema Mwanaidi. "Nikipandishwa lile basi kwa pingu mbele ya wanangu, hata nikiachiwa kesho, sitakuwa nimerudi. Atarudi mwanamke aliyeiba mbegu."

*

Katibu wa kijiji, Mwinjuma, alikuwa nadhifu. Suti yake ya kaunda ilikuwa imepigwa pasi mpaka mifukoni, na alijibu maswali kabla hayajaisha.

"Jumatatu usiku nilisikia lori. Lilisimama, likaondoka kuelekea Mombo. Nadhani ndani ya hilo ndimo mbegu zetu zilimokwenda."

"Lilisimama wapi?"

"Hapo barabarani." Alikohoa, kikohozi kikavu cha siku nyingi, akajifuta kwa leso. "Kifua hiki, Sajini. Vumbi la ofisi."

"Wengine hawakulisikia hilo lori."

"Wengine wanalala sana. Ndiyo maana kijiji hakiendelei."

"Bwana Hobati ulimfahamu?"

"Mimi? Nimehamia hapa mwaka sabini na tatu, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, na wenzangu wa kule mtoni. Hilo dude nililikuta limesimama."

"Na mama huyu akiondoka, ufunguo utashikwa na nani?"

"Nimejitolea kuubeba mzigo huo," alisema Mwinjuma, akakohoa tena.

Mhina alimshukuru, akatoka, akatoa mfukoni kamba yake. Ilikuwa kamba ya katani yenye fundo kila baada ya hatua moja. Alikuwa ameisuka mwenyewe zamani, alipokuwa mkata mkonge na kila mtu akipimiwa eneo lake la siku. Alipoingia polisi wenzake walipewa bastola wakajivunia. Yeye alibaki na kamba, na mpaka siku hiyo ilikuwa imefunga watu wengi kuliko bastola zote za Korogwe.

Alipima kwanza nje. Alichomeka kijiti sambamba na mlango na kingine sambamba na ukuta wa nyuma, upande wa kishikio, akavuta kamba ubavuni mwa birika toka kijiti hadi kijiti. Hatua kumi na saba. Akapima unene wa ukuta pale mlangoni. Hatua moja. Kisha akaingia ndani, kwenye chumba cha mviringo chenye giza la ubaridi na magunia matatu yaliyobaki, akavuta kamba toka mlangoni mpaka ukuta wa mbele yake.

"Soma, Koplo."

"Kumi na mbili, afande."

"Kumi na saba, toa ukuta wa mlangoni, toa ukuta wa nyuma. Zinabaki ngapi?"

"Kumi na tano."

"Ndani tumepata kumi na mbili. Waliniita nitafute magunia tisa, na kabla sijaanza zimeshapotea hatua tatu."

Dominiko alitazama kamba, akatazama ukuta. Mhina hakuhitaji kutazama. Aliona mambo yalivyokuwa. Mmarekani alichora birika kwenye karatasi, akawapa mafundi wa Kizigua, na mafundi wa Kizigua walijenga duara wanalolijua: msonge, wenye ukuta wa ndani unaokata sehemu ya nyuma, pale ambapo kwa bibi yake Mhina palikuwa pa jiko, na juu ya jiko uchaga wa kuwekea mbegu. Baada ya hapo ndipo walipoivika nyumba umbo la birika. Hobati alifurahi, maana mpishi alifichika, chai ilitoka ukutani kwa maajabu, na moshi ulipanda kwa bomba toka jikoni mpaka mdomoni.

Kwenye ukuta wa ndani kulikuwa na bango la bati la zamani, limeliwa na kutu, lenye picha ya kikombe. Mhina aligonga kwa kidole. Pengine pote ukuta ulijibu kwa unene. Nyuma ya bango, pale kilipokuwa kidirisha cha chai, ulijibu kwa uwazi. Misumari ya upande mmoja ilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Akabandika kiganja ukutani, akamwita koplo naye abandike.

"Una joto, afande."

"Jumatatu usiku hakuna gunia lililotoka humu. Ndiyo maana udongo haukuona kitu. Na yaliachwa matatu kwa sababu nafasi ilijaa." Alishusha mkono. "Usiguse bango. Twende nyuma."

Nyuma ya birika, kutoka mlango wa uani wa ofisi ya Katibu, palikuwa na mawe bapa yaliyopangwa vizuri, jiwe moja kila hatua, na jiwe halishiki unyayo. Njia ile ya mawe ilikuja moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa birika na kuishia hapo, chini ya kishikio, mbele ya mmea wa pasheni uliotambaa na kufunika kila kitu. Kwa miaka miwili watu wa Kwabirika walikuwa wakiipita njia inayokwenda ukutani, na hakuna aliyejiuliza. Mhina alitoa picha ya Ratilal, akailinganisha. Aliinua majani kwa kidole kimoja, akaona kona ya kijimlango cha chuma kilichopakwa saruji, pamoja na kufuli jipya lenye mafuta, akayarudisha majani kama yalivyokuwa.

"Tuvunje, afande?"

"Tukivunja tutapata mbegu. Kisha mtu atasema nani mwingine angezipitisha ndani kwa ndani kama si mwenye ufunguo wa mbele? Mama atapanda basi vile vile. Mbegu nimeshazipata, Koplo. Sasa namtaka mwenye kuzipenda."

*

Saa nane Mwenyekiti alipiga reli, na kila nyumba ikaja na ndoo ya maji ya lambo kama ilivyoagizwa. Ngazi ya mianzi ilikuwa imeegemezwa kwenye mdomo wa birika. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka, wa kutosha kuwafanya kina mama wawashike watoto mikono.

Mhina alipanda vipago viwili, akageuka.

"Ndugu wananchi. Nimeambiwa hapa pana mzimu na mzimu huo umewasha moto. Mimi ni polisi, utaalamu wa mizimu sina. Moto ndio naujua. Tutamwaga maji mdomoni humu, ndoo baada ya ndoo, mpaka moshi ukome. Baada ya hapo nitamchukua mtuhumiwa wangu niende zangu."

Watu walicheka kwa woga. Koplo Dominiko, ambaye hakuambiwa kitu, alimtazama mkubwa wake kwa huruma. Mwanaidi alisimama mlangoni pa ofisi, pindo la kanga mdomoni.

Katibu Mwinjuma alijitokeza mbele.

"Sajini, hili ni jengo la kijiji. Maji yatapasua saruji."

"Limenyeshewa miaka ishirini, Katibu."

"Lakini haya maji ya lambo ni ya ng'ombe."

"Ng'ombe watatusamehe ndoo thelathini."

Mwinjuma alikohoa. Alitazama ndoo, akatazama mdomo wa birika. "Basi nipande mimi. Wewe mgeni, ukianguka tutalaumiwa sisi."

"Karibu sana."

Alipanda. Ndoo ya kwanza ilimwagika nje ya mdomo, ikateremka tumboni mwa birika mpaka chini. Katibu alisema mkono umeteleza. Wakampa ya pili. Hiyo nayo ilikwenda upande, ikamlowanisha Koplo Dominiko mabega, na watoto wakaangua kicheko. Mdomo wa birika ulikuwa mpana sawa na ungo, na mtu mzima alikuwa ameukosa mara mbili.

"Shuka upumzike," alisema Mhina.

Alipanda yeye na ndoo ya tatu. Aliegemeza ukingo wa ndoo kwenye ukingo wa mdomo, akaanza kuinamisha taratibu, akisubiri. Hakusubiri sana. Mkono ulimshika kifundo cha mguu, kwa nguvu, mbele ya kijiji kizima.

"Mbegu, Sajini," alisema Mwinjuma. Sauti ilikuwa ya chini lakini kila mtu aliisikia. "Usizilowanishe. Zitaota zote humo humo."

Mhina aliinyoosha ndoo. Hakumwaga hata tone.

"Mbegu zipi, Katibu? Si zilipanda lori Jumatatu, zikaenda Mombo?"

Mwinjuma aliuachia mguu. Suti ilikuwa imelowa na mikunjo yote ya pasi ilikuwa imekwisha. Mhina alishuka, akaeleza mambo kwa kifupi, kwa mpangilio, kidole kwa kidole: nyayo zisizozama, magunia matatu yaliyoachwa, hatua tatu, njia ya mawe, kikohozi cha ukutani alichokikumbuka mke wa mwenye duka la Korogwe. Alipofika kwenye kikohozi, Katibu alikuwa amekwisha kukaa chini.

"Ulikuwa mpuliza moto wa Hobati," alisema Mhina. "Kifua hicho hukukipata ofisini."

"Miaka saba," alisema Mwinjuma. "Wateja walimwona yeye tu. Nilikuwa naingia alfajiri, natoka jioni. Hakuna aliyejua kama nipo."

Alivua uzi shingoni uliokuwa na ufunguo, akautoa bila kuombwa. Koplo Dominiko aliurarua ule mmea wa pasheni kwa hamu ya mtu anayelipa deni la aibu. Kijimlango kilifunguka, na mwanga ukaingia kwenye chumba chembamba, cheusi kwa masizi. Juu ya uchaga wa miti mipya yalikuwa yamelala magunia tisa, na chini yake makaa ya mkole yalikuwa yakifuka kwa utulivu. Mwenyekiti Sadala alitoboa gunia kwa kisu. Mbegu nyekundu zilimwagika kiganjani mwake, kavu, nzima, na mzee alizifumba isidondoke hata moja.

"Jambo moja nataka kulisikia kwako," alisema Mhina. "Zilikuwa zimefichika vizuri. Bila moshi ningekuja, ningepima, pengine ningeondoka. Kwa nini uliwasha moto?"

Mwinjuma alimtazama kama anayeulizwa kwa nini mtoto hulishwa. "Mvua ilikuwa imenyesha. Mle ndani mna unyevu. Mbegu haiachwi hivi hivi bila moshi, Sajini, itaingiwa na wadudu."

"Hizi zina dawa."

"Dawa gani?"

Mwenyekiti ndiye aliyejibu, kwa masikitiko zaidi kuliko hasira. "Siku ile ulikuwa Handeni, Mwinjuma. Bwana shamba alituambia wote, wewe ulikuwa Handeni."

Yaliyobaki aliyasema mwenyewe. Shamba la baba yake kule mtoni lilikuwa mwaka wa pili halijalimwa. Alitaka kulipanda kimya kimya, na kama ufunguo wa ghala ungekuwa wake, angetoa gunia moja moja kwa nafasi yake. Mhina aliyaandika yote. Kwa hilo la shamba alimwonea huruma kidogo, na hakuificha.

Mwanaidi alikuja mpaka mbele ya Katibu.

"Ungetaka mbegu ungeniomba," alisema. "Tungebishana mkutanoni, pengine ungepata. Wewe ulitaka na mimi nifungwe."

Wale wanaume wawili watatu waliokuwa wakicheka walikuwa wameanza kubeba magunia kuyarudisha ghalani bila kuagizwa na mtu, na mmoja wao alipompita Mwanaidi alisema, "Tuwie radhi, mama," huku anatazama chini. Mwanaidi alimwambia alipange vizuri, lisilale kwenye sakafu. Moyo ulikuwa umemjaa, akacheka, machozi yakamtoka, na hakujali nani anaona.

Ndipo alipoyaona makaa. Aliinama, akayapuliza, akaongeza kuni tatu.

"Haya maji ya ndoo thelathini tutayarudisha lambo?" aliuliza. "Leteni sufuria. Mwenye majani alete majani."

Mwenyekiti alikwenda nyumbani mbio, na mwaka ule wa sukari ya kupanga foleni, alirudi na sukari yake yote ndani ya karatasi.

Saa tisa kasoro basi la Habakuki lilitokea konani. Lilikuwa linakuja kwa mwendo wa kazi, kisha likapunguza, kisha likaacha barabara lenyewe na kuingia pale malori yalipokuwa yakiegeshwa zamani. Habakuki alishuka akiwa ametoa kofia, macho yake kwenye mdomo wa birika, ambao ulikuwa unatoa moshi mweupe, mzito, kama haujawahi kukoma.

"Chai tayari?" aliuliza mlangoni.

"Tayari," alijibu Mwanaidi kutoka dirishani ukutani, kwani bango la bati lilikuwa limeshang'olewa.

Abiria wote walishuka. Habakuki alikunywa kikombe chake akiwa amesimama, kisha akamkumbuka Mhina.

"Haya Sajini, imeshatimu. Kiti cha tatu cha nani?"

Mhina alimwonyesha Katibu, aliyekuwa amekaa kati ya Koplo Dominiko na ukuta, ameshika kikombe kwa mikono miwili yenye pingu. Mwanaidi mwenyewe ndiye aliyempelekea.

"Na yule mama?"

"Ana kazi," alisema Mhina, akamkabidhi Mwanaidi ule ufunguo wenye uzi.

Mwanaidi aliufungua uzi, akautupa motoni. Ufunguo aliutia kwenye pindo la kanga pamoja na ule wa kwanza, akafunga fundo, akalikaza kwa meno. Sasa zilikuwa mbili.